Breki za Mtu Mwingine

Waipa ziliwaka zenyewe Yustina Chilongola akiwa ndiyo kwanza ameipita Ihumwa, saa nne asubuhi, jua kali na mbingu haina hata wingu. Zikawa zinasaga vumbi jekundu kwenye kioo, krr, krr, kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Akazizima. Zikawaka tena. Akazizima mara ya pili, na sasa hita nayo ikaanza kupuliza.

Nyuma alikuwa na vifaranga mia nane wa siku moja, wamepangwa kwenye maboksi yenye matundu. Joto la Dodoma peke yake liliwatosha. Alishusha vioo vyote vinne, akawa anaendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipapasa kitufe cha hita, na huko nyuma kelele za vifaranga zikipanda.

Kabla hajafika Chamwino, gari likafunga breki.

Barabara ilikuwa tupu, imenyooka, haina hata kuku anayevuka. Mguu wake haukuwa kwenye breki. Gari lilikita palepale, mkanda ukamkaba kifuani, maboksi mawili yakaruka mpaka kiti cha mbele. Lori lililokuwa nyuma yake lilimkwepa kwa nafasi ya kiganja, dereva akapiga honi ndefu iliyoendelea mpaka lori likapotea.

Yustina alikaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Baada ya muda akashuka, akaanza kuokota vifaranga. Thelathini na mmoja walikuwa wamekufa.

Gari hilo alikuwa amekaa nalo wiki saba tu. Lilikuwa la aina ya Swala, jipya kabisa, nailoni bado iko kwenye viti vya nyuma, na tayari alikuwa amelirudisha kwa kampuni mara tatu. Mara zote walilichomeka kwenye mashine yao, wakamwonyesha karatasi yenye alama za kijani juu mpaka chini, wakamwambia liko salama. Mara ya tatu kijana wa mapokezi alimuuliza kwa upole kama huwa anasinzia akiendesha.

Siku hiyo hakwenda tena kwao. Alikwenda mtaa wa Area A, kwa fundi Sospeter.

*

Sospeter alikuwa mtu mzito, mpole, aliyeanza kutengeneza magari enzi zile bado yanakunywa mafuta. Alilala chini ya Swala, akatoka, akaingia ndani, akaperuzi skrini ya dashibodi kwa muda mrefu.

"Mama Chali," alimwambia Yustina hatimaye, "una shamba la viazi?"

"Viazi? Dodoma hii?"

"Njoo uone."

Kwenye orodha ya sehemu zilizohifadhiwa na ramani ya gari kulikuwa na kituo chake cha kutotolea vifaranga, nyumbani kwake, sokoni Majengo. Katikati yake kulikuwa na majina ambayo hakuwahi kuyaandika: Shamba la Viazi. Kanisani. Kwa Mama Oliva. Hospitali. Yustina alishawahi kuyaona, akadhani ni mabaki ya watu waliolijaribu gari kabla halijauzwa.

Sospeter alibonyeza Shamba la Viazi. Ramani ikaruka kutoka Dodoma, ikashuka kusini, ikapita Iringa, ikapita Njombe, ikasimama kwenye milima ya Makete.

"Huko sasa hivi kunanyesha," alisema. "Na kuna baridi. Mtu wa huko lazima awashe waipa, na lazima awashe hita."

Yustina alimwangalia bila kuelewa.

Fundi akamweleza taratibu. Tangu ilipopita sheria ya magari kuongea, breki za gari jipya haziko tena chini ya mguu wa dereva peke yake. Dereva anakanyaga, taarifa inakwenda kwenye ubongo wa gari, ubongo unaulizana na magari ya jirani, ndipo breki inashika. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana ajali za kugongana zimepungua. Lakini ubongo wenyewe hauko ndani ya gari. Uko kwenye kituo cha kampuni, na kila gari linaufikia kwa namba yake. Usukani na mwendo vimebaki kwa dereva. Breki, taa, waipa, hita na ramani vyote vinapita huko.

"Sasa kiwandani kuna mtu, au kuna mashine, iliyotoa namba moja kwa magari mawili. Ubongo unadhani una mwili mmoja. Kumbe unayo miwili. Ukitoa amri, yanatii yote."

"Kwa hiyo yule akifunga breki huko..."

"Na wewe unafunga huku."

Yustina alitikisa kichwa kwa hasira. Akilini alimwona mtu huyo, dereva mbovu wa milimani, akimuulia vifaranga wake kwa mguu wake mzito. Hasira hiyo ilidumu mpaka alipofika getini kwake, mbuzi wa jirani akakatiza mbele, akakanyaga breki kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Hapo akili yake ikageuka. Mguu ukabaki umeganda juu ya pedali. Hapa ni tambarare, alijiambia. Kule ni mlima, na barabara imelowa.

*

Ujumbe wa kampuni uliingia kwenye simu yake Alhamisi saa kumi jioni.

*Mteja mpendwa, namba ya gari lako imeonekana sehemu mbili. Ili kulinda gari lako, ingiza tarakimu sita za mwisho za chasisi kabla ya saa sita mchana kesho, Ijumaa. Kwa kufanya hivyo unatamka kwamba gari hilo ndilo pekee lenye namba hii. Isipothibitishwa, namba itafungwa.*

Alipiga simu huduma kwa wateja. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye sauti ya kuvutia.

"Nikithibitisha la kwangu, lile lingine litakuwaje?"

"Litakataliwa na mfumo, mama. Hiyo ni namba iliyonakiliwa. Wahalifu hao."

"Siyo wahalifu. Mmetoa ninyi namba moja kwa watu wawili. Je, likikataliwa akiwa njiani?"

"Hapana mama, usiwe na wasiwasi. Mfumo hauzimi gari linalotembea. Unaangalia kwanza kama limesimama."

"Gari lipi?"

"La kwako, mama."

"Nauliza la huyo mwingine."

"Hakuna lingine, mama. Namba ni moja."

Yustina aliuliza kwa namna nne tofauti, akajibiwa vilevile mara nne. Aliomba jina la mwenye gari la pili, akaambiwa mwenye namba hiyo ni Yustina Chilongola wa Dodoma. Kwenye daftari lao mtu wa Makete hakuwapo kabisa. Jina lake lilikuwa limefunikwa na la Yustina siku gari la Yustina liliposajiliwa.

Sospeter, aliyekuwa amepita kumtazama, alisikiliza mazungumzo yote. Alipoulizwa breki ikikatwa kutoka kwenye ubongo inakuwaje, alijibu akiangalia pembeni.

"Sekunde nne hakuna breki kabisa. Baada ya hapo zinajifunga zote kwa mpigo. Kwenye tambarare utapata mshtuko tu."

"Na kwenye mteremko?"

Fundi alisogea karibu naye. Alisema, "Subiri usiku wa manane, mama Chali. Atakuwa amelala. Ingiza namba yako, yaishe."

"Nimnyang'anye mtu gari amelala?"

"Usipomnyang'anya wewe, saa sita kesho mtanyang'anywa wote wawili."

Ushauri wa fundi ulikuwa na akili, na Yustina alilijua hilo. Lakini alishindwa. Aliingia kwenye gari, akafungua ile orodha ya sehemu, akaandika sehemu mpya: *Nipigie tafadhali*, na namba yake ya simu. Alijiambia kwamba yule mtu ataiona akiwasha gari asubuhi, watazungumza kama watu wazima, wataamua. Hakufikiria kwamba mtu anayekwenda shambani kwake kila siku hana sababu ya kufungua ramani.

*

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameketi kwenye Swala, limeegeshwa uani, simu mapajani. Mtotoleaji wake mkuu, anayesimamia mashine za mayai, alikuja kuuliza kuhusu oda ya Bahi. Akamwambia vifaranga wasubiri. Saa mbili. Saa tatu. Gari lilikuwa baridi na kimya, dalili kwamba hata lile lingine limesimama. Saa nne alianza kuamini kwamba mtu wa Makete hasafiri leo. Labda saa sita itamkuta nyumbani kwake, gari likiwa limepumzika, na hakuna atakayeumia.

Saa tano na dakika ishirini hita ikaanza kupuliza. Halafu waipa zikanyanyuka.

Sospeter, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona uso wake, akaingia upande wa abiria bila kuambiwa.

"Anatoka," Yustina alisema. Waipa zilikuwa zinakwenda kwa kasi ya mwisho. Mvua kubwa. Chini ya sakafu breki zilianza kubana na kuachia, kubana na kuachia. Mtu alikuwa anateremka mlima.

"Mwandikie tena."

"Hasomi!"

"Usihifadhi. Weka kama ndiyo safari yenyewe. Ramani itamsomea kwa sauti."

Yustina aliandika *Simama unipigie*, akafuatisha namba yake, akabonyeza Anza Safari. Sauti ya kike ya ramani ikatamka maneno hayo ndani ya gari lake, kwa utulivu uleule inaotumia kutaja mizunguko ya barabara. Hatua ya pili ilikuwa kungoja. Baada ya sekunde chache safari ikafutika yenyewe kwenye skrini. Yule mtu ameifuta.

"Amedhani ni ubovu mwingine," alisema Sospeter.

Akaandika tena: *Breki zako zinakatika saa sita*. Ikafutika hata kabla sauti haijamaliza.

Saa tano na dakika thelathini na nane. Vidole vya Yustina vilikuwa vimelowa, vinateleza kwenye kioo cha skrini. Aliwaza kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, amsimamishe kwa lazima. Aliunyanyua mguu. Mguu uliokanyaga kwa ajili ya mbuzi. Akaurudisha chini taratibu na kuuweka mbali na pedali.

Angekuwa yeye, nini kingemfanya aamini? Akaandika polepole, asikosee herufi:

*Umewasha waipa na hita. Zangu zinawaka nawe. Niko Dodoma kwenye jua. Simama.*

Sauti ikasoma. Safari haikufutika. Breki chini ya miguu yao zilibana, zikaachia, zikabana, na safari hii hazikuachia.

Simu ikaita.

*

"Wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, kali, na nyuma yake mvua ikipiga bati la gari.

"Naitwa Yustina. Umesimama? Niambie kwanza kama umesimama."

"Nimesimama. Wewe ni nani nasema?"

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati na kurudi nyuma, lakini yule mtu hakumkatiza. Alijitaja kuwa anaitwa Ndelwa Sanga, anampeleka mkewe Oliva hospitali kuangalia mkono. Yustina alifika kwenye habari ya breki.

"Ijumaa iliyopita," Ndelwa alisema. "Saa nne na nusu asubuhi. Wewe ndiye uliyefunga breki?"

Yustina hakuhitaji kufikiri. Ijumaa iliyopita, saa nne na nusu, alikuwa Veyula, na kundi la mbuzi lilikuwa linavuka.

"Ni mimi."

"Gari lilizunguka mara mbili. Lilisimama tairi moja likiwa hewani. Mke wangu alivunjika mkono hapo. Nimekaa wiki nzima nikimwambia sikukanyaga, na yeye ananiambia usiseme uongo Ndelwa, nilikuona."

"Nisamehe, kaka. Sikujua."

"Na mimi sikujua," alisema, na ukali ukapungua kidogo. "Na mimi nikifunga breki, wewe huko ilikuwa inakupataje?"

"Zimebaki dakika kumi na moja," Sospeter alinong'ona.

Yustina akamwambia aweke mawe kwenye matairi na mkewe ashuke. Alisikia mlango, sauti ya mwanamke ikilalamika juu ya mvua, mawe yakiburutwa. Ndelwa alirudi kwenye simu akihema.

"Tayari. Sasa hiyo namba inathibitishwa vipi? Mimi sikuletewa ujumbe wowote."

"Ujumbe ulikuja kwangu tu. Naingiza tarakimu sita za chasisi. Gari nitakaloingiza ndilo linalobaki hai."

"Lolote kati ya mawili?"

Angeweza kusema hapana. Sospeter alimtazama, na Yustina akajua kwamba fundi naye amelifikiria hilo.

"Lolote," alisema.

Ndelwa alimsomea zake bila kuombwa mara mbili. Yustina aliziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha boksi la vifaranga, chini ya zile za kwake. Mistari miwili ya tarakimu, tofauti yake ni mbili za mwisho.

"Dada," alisema Ndelwa, "mimi nina mgonjwa hapa. Tuko katikati ya mlima. Kijiji cha karibu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu."

"Naelewa."

"Wewe uko nyumbani kwako."

"Niko nyumbani." Alitazama kupitia kioo. Mtotoleaji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akisubiri kuambiwa kama kuna kazi. Ndani ya banda mashine zilikuwa na mayai elfu tatu, yataanguliwa Jumapili, na kifaranga hana siku mbili za kungoja. Hakuwa na gari lingine. Hakuwa na mtu wa kumpa lingine. Alimfikiria Oliva amesimama kwenye mvua na mkono wenye plasta, mkono uliovunjwa na mguu wake yeye, na hakuweza kumwona vizuri kwa sababu hajawahi kumwona.

"Dakika tatu," alisema Sospeter.

Yustina aliingiza tarakimu sita. Akasoma mara mbili kuhakikisha. Akabonyeza.

"Kaka Ndelwa," alisema. "Nimeingiza za kwangu."

Mvua iliendelea kupiga. Kisha ndani ya simu kukasikika kishindo cha chuma, matairi yote manne yakijifunga kwa pamoja, na mwanamke akauliza kwa mbali, "Nini hicho?"

"Sawa," alisema Ndelwa. "Nimesikia." Akakata.

Kwenye Swala la Yustina hita ilinyamaza, na waipa zikalala.

*

Baada ya siku hiyo gari halikusumbua tena. Alilipakia Jumapili, akaenda Bahi, akarudi, hakuna kilichowaka bila kuwashwa. Wateja walimwambia sasa gari lako limetulia. Alijibu ndiyo. Kila alipokanyaga breki alisikiliza, na hakukuwa na mtu upande wa pili. Alimpigia Ndelwa mara tano. Simu iliita mpaka mwisho.

Ndelwa mwenyewe alipiga wiki ya nne. Hakusalimia.

"Kampuni walikataa kunibadilishia gari," alisema. "Wanasema gari langu halipo. Polisi nao wamesoma namba, wanasema hili ni gari la Dodoma, wakaniuliza nimelipata wapi. Limekamatwa. Nimepeleka malalamiko Baraza la Vyombo vya Moto, Iringa. Wanasikiliza Jumatano. Wakili wa kampuni atasema kulikuwa na gari moja. Mtu pekee anayejua yalikuwa mawili ni wewe."

"Fundi wangu pia anajua."

"Fundi wako hakutamka lolote kwa kampuni. Uliyetamka ni wewe."

Sospeter alipoambiwa alijikuna shingo. "Ukisema yalikuwa mawili, basi ulichotamka siku ile kilikuwa uongo. Watafunga namba na kuchukua gari."

"Najua."

"Na hatakushukuru."

"Hilo nalo najua."

Jumatano alifika Iringa kabla ya saa mbili. Ukumbi wa Baraza ulikuwa chumba kidogo chenye feni isiyozunguka. Ndelwa Sanga alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, amevaa koti la suti lililombana mabegani, na kando yake alikaa mwanamke mwenye mkono kwenye kitambaa cha shingoni. Oliva alimwangalia Yustina tangu anaingia mpaka anaketi. Ndelwa aliangalia meza.

Wakili wa kampuni alizungumza kwa robo saa. Alitaja mfumo, alitaja wahalifu wanaonakili namba, akasoma tamko la Yustina neno kwa neno. Kisha akamgeukia kwa tabasamu la mtu anayemsaidia mwingine kuvuka barabara.

"Bi Chilongola, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Uliyaridhia kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Asante. Sina swali zaidi."

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, aliandika kitu, akakikata, akainua kichwa. "Mimi ninalo moja. Siku hiyo saa sita mchana, magari yenye namba hii yalikuwa mangapi?"

Wakili aliinuka kidogo kwenye kiti. "Bi Chilongola, kabla hujajibu, nakukumbusha kwamba kukana tamko lako kuna matokeo."

Yustina aliiweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine. Nje, chini ya dirisha, aliliona gari lake limeegeshwa kwenye kivuli, safi, halina kasoro.

"Mawili," alisema.

"Sema kwa nguvu, mama, kinasa sauti kisikie."

"Yalikuwa mawili. Moja lilikuwa langu. Lingine lilikuwa la huyu bwana, na mkewe alikuwa ndani yake, na mimi nilijua."

Ndelwa aliinua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza.